Hati za Mwalimu wa Mwigo

Mwanachuoni afapo, nyumba yake na shamba lake hugawanywa kwa kanuni zijulikanazo, na kila mrithi huondoka na fungu lake. Lakini aghalabu husalia kasha moja ambalo hapana alidaiye, nalo ni kasha la madaftari, barua, rasimu za mihadhara na karatasi za hesabu zilizoandikwa, zikafutwa, kisha zikaandikwa upya. Kasha hilo halina bei sokoni, na kwa sababu hiyo mara nyingi huachiwa mchwa, au hutolewa uani siku ya kufagia likachomwa pamoja na majani makavu. Katika chuo kikuu cha MIT, kilichoko mji wa Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani, makasha ya namna hiyo ya Profesa Jay Wright Forrester yamenusurika na ajali hiyo: yamewekwa amana katika maktaba ya chuo, pamoja na kumbukumbu za mradi wa kompyuta aliouongoza alipokuwa kijana, ili kila atakaye kujua alivyofikiri mtu huyu aweze kumfuata hatua kwa hatua katika mwandiko wake mwenyewe.

Forrester alikuwa mwalimu wa uigaji wa kompyuta, na yafaa kwanza tueleze ilimu hiyo ni ipi, kwani jina lake ni geni kuliko maana yake. Lifikirie birika la msikiti, ambalo mtu mmoja hulijaza kwa maji ya kisima na watu wengi hulipunguza kwa kutawadha. Kina cha maji ni akiba. Maji yaingiayo na yatokayo ni mitiririko. Na yule ajazaye, kila mara atazamapo kina kimeshuka, huongeza ndoo, hata kina kikapanda naye akapumzika. Hapo kina kinauamuru mkono, na mkono unakibadili kina. Duara hilo la amri na matokeo ndilo waitalo mrejesho. Mtu akiyaandika mambo hayo kwa milinganyo, kisha akaiachia kompyuta ipige hesabu ya saa ya kwanza, na kwa jawabu lake ipige ya saa ya pili, na hivyo hivyo hata mwisho wa mwaka, basi ameliiga birika bila ya kumwaga tone la maji. Forrester alishika kwamba kiwanda, mji, hata dunia nzima yenye watu wake na mashamba yake, ni mabirika mengi yaliyounganishwa kwa mifereji, na kwamba akili ya mwanadamu, ijapokuwa ni hodari wa kulitambua kila birika peke yake, hulemewa inapotakiwa kukisia yatakayotokea yote yatiririkapo pamoja.

Alizaliwa tarehe 14 Julai 1918 katika jimbo la Nebraska, karibu na kijiji cha Anselmo, katika shamba la ng'ombe lisilokuwa na umeme. Alipokuwa angali mwanafunzi wa sekondari aliokota vipande vya magari makuukuu, akaunda mtambo wa kuzungushwa na upepo, na kwa mtambo huo nyumba ya wazazi wake ikapata umeme kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekwisha kupewa nafasi ya kusoma kilimo. Lakini zikiwa zimebaki wiki chache tu alitafakari juu ya kuchunga ng'ombe katika dhoruba za theluji, moyo ukakataa, akajiandikisha kusoma uhandisi wa umeme. Mara nyingi baadaye alikumbusha kwamba shamba lilikuwa chuo chake cha kwanza, kwa kuwa mkulima hana budi kuyakabili matokeo ya kitendo chake mwenyewe, wala hapana ofisi nyingine ya kuipelekea lawama.

Mwaka wa 1939 alifika MIT, na mwalimu wake Gordon Brown akamwingiza katika maabara ya mitambo inayojirekebisha yenyewe, ambamo mrejesho haukuwa nadharia bali ulikuwa chuma, mafuta na waya. Ulikuwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwaka wa 1943 mtambo mmoja wa kuongozea rada, uliokuwa umefungwa katika manowari ya kubebea ndege iitwayo Lexington, uliharibika, na Forrester akapelekwa Pearl Harbor kuutengeneza. Kazi ilikuwa haijakwisha, na manowari ilikuwa haina budi kuondoka. Basi akakubali kusafiri nayo, akautengeneza mtambo baharini, hata akashuhudia mapambano ya kando ya visiwa vya Marshall na manowari ikapigwa kombora chini ya maji katika sehemu ya nyuma. Aliyesafiri vile akauona mtambo wake ukijaribiwa na mauti, bila ya shaka hawezi tena kuridhika na nadharia isiyotoka nje ya chumba cha darasa.

Mwishoni mwa vita ilimfikia kazi iliyotaka kuwa mwigo tangu siku ya kwanza. Jeshi la majini lilitaka mtambo wa kuwafunzia marubani, utakaoweza kuiga mwendo wa ndege yoyote ambayo haijajengwa bado. Forrester na wenziwe waliona kwamba vifaa vya zamani havitatosha, wakaigeukia kompyuta ya tarakimu iliyokuwa changa kabisa, na hivyo ukazaliwa mradi wa Whirlwind, ambao mtambo wake ulianza kazi mwaka wa 1951. Ndege yenyewe ilisahauliwa njiani. Kilichopatikana ni kompyuta iliyoweza kujibu papo hapo, wakati mambo yenyewe yakiendelea, na juu ya msingi wake ukajengwa mfumo wa SAGE wa kuilinda anga ya Amerika ya Kaskazini.

Ni katika habari za Whirlwind ndipo thamani ya daftari inapodhihirika. Kompyuta za siku zile zilikuwa na kumbukumbu dhaifu, zilizohifadhiwa katika mirija ya kioo iliyoharibika mara kwa mara, na Forrester alikuwa akitafuta njia nyingine. Katika mwezi wa Juni 1949 aliandika katika daftari lake fikira ya kutumia vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa katika nyaya kama shanga, kila kimoja kikishika neno la ndiyo au la kulingana na upande ilikoelekea sumaku yake. Mwaka wa 1953 vipete hivyo viliwekwa katika Whirlwind, na kwa takriban miaka ishirini iliyofuata kompyuta za dunia zilikumbuka kwa njia hiyo. Wengine pia walidai haki ya uvumbuzi, na magomvi yakachukua miaka mingi, hata mwaka wa 1964 kampuni ya IBM ikakubali kuilipa MIT dola milioni 13. Katika magomvi ya aina hiyo kauli ya mdomo haifui dafu; anachouliza hakimu ni tarehe, na tarehe huwa katika ukurasa.

Kufikia wakati huo Forrester mwenyewe alikuwa amekwisha kuihama kazi ya kuunda kompyuta. Mwaka wa 1956 alihamia katika shule ya utawala wa biashara ya chuo kile kile, akijiuliza mhandisi anaweza kuwapa nini wasimamizi wa viwanda. Jawabu lilimjia kwa mazungumzo. Wakuu wa kampuni ya General Electric walimweleza kwamba viwanda vyao vya vyombo vya nyumbani huko Kentucky vilikuwa na ajabu: mara vinafanya kazi zamu tatu au nne usiku na mchana, kisha baada ya miaka michache nusu ya wafanyakazi wanaachishwa. Ilikuwa rahisi kuwalaumu wanunuzi, au hali ya iktisadi ya nchi. Forrester aliuliza wasimamizi wanaamuaje kuajiri na kuagiza, akachukua penseli na ukurasa wa daftari, akachora safu: hapa bidhaa zilizomo ghalani, hapa wafanyakazi, hapa maagizo; akajaza mstari wa wiki ya kwanza, na kwa kanuni zile zile za wasimamizi akajaza wa pili na wa tatu. Jawabu lilikuwa wazi. Hata maagizo ya wanunuzi yakiwa sawasawa kila wiki, idadi ya wafanyakazi ingepanda na kushuka, kwa kuwa msukosuko ulikuwa umefumwa ndani ya kanuni zenyewe za kuamua. Ugonjwa haukutoka nje. Ulikuwa umo nyumbani.

Ukurasa ule wa penseli ndio asili ya taalimu nzima iliyokuja kuitwa mienendo ya mifumo. Mwaka wa 1958 Richard Bennett aliandika programu ya kuifanya hesabu ile kwa kompyuta, nayo ikafuatwa na lugha ya DYNAMO, iliyotungwa na Phyllis Fox na Alexander Pugh. Na mwaka wa 1961 Forrester alitoa kitabu chake cha mienendo ya viwanda. Alikuwa na masharti kama ya fundi wa jahazi: kila mlinganyo uwe na maana ambayo msimamizi wa kiwanda ataitambua, na kila dhana iliyokuwa imejificha kichwani itolewe iandikwe, ili yeyote apate kuikubali au kuipinga.

Katika kufundisha hakuanza na milinganyo. Katika shule yake ulibuniwa mchezo ambao hadi leo huchezwa katika vyuo vya nchi nyingi, na ambao bidhaa yake ni bia, ijapokuwa ingeweza kuwa mchele au saruji bila ya kubadili kitu. Wachezaji huketi wanne katika mstari: mwuza duka, mwuza jumla, msambazaji na mwenye kiwanda. Kila mmoja humwagizia wa nyuma yake, na kila agizo na kila shehena huchukua wiki kadhaa kufika. Mnunuzi hutaka makasha manne kila wiki. Kisha, katika wiki ya tano, hutaka manane, na tangu hapo hataki zaidi wala pungufu hata mwisho wa mchezo. Badiliko hilo dogo, la mara moja tu, hutosha kuwavuruga wanne wote: ghala hukauka, maagizo hufurika, mwenye kiwanda hutengeneza kwa pupa, kisha shehena zote huwasili kwa pamoja na ghala likafurika bidhaa zisizo na mnunuzi. Mchezo ukiisha, wachezaji huombwa kuchora wanavyodhani mnunuzi alikuwa akiagiza, nao aghalabu huchora mawimbi makubwa. Wanapooneshwa ule mstari mnyoofu, wengi huona kwa mara ya kwanza kwamba mawimbi waliyatengeneza wao.

Wazee wetu wa pwani, laiti wangeketi katika meza ile, wangeitambua habari yake upesi. Tajiri wa Unguja aliyetaka shehena ya tende kutoka Maskati alimkabidhi nahodha maagizo yake chombo kilipoondoka na upepo wa kusi, na jawabu lake hakuliona mpaka kaskazi iliporudi kuvuma na majahazi yakashuka tena. Baina ya agizo na shehena palikuwa na bahari na msimu mzima; na yule aliyesahau alichokwisha kuagiza, akaagiza tena kwa sababu duka lake lilikuwa tupu, alijikuta msimu ujao ana tende za kuozea ghalani. Biashara ya misimu iliwafunza watu wale kusubiri, na kuhesabu kilichomo njiani kama kilichomo mkononi. Forrester aliwafunza wanafunzi wake jambo hilo hilo kwa kompyuta: kwamba kilichochelewa si kilichopotea, na kwamba pupa ya kuondoa upungufu ndiyo mara nyingi mama wa ziada.

Kutoka kiwandani alikwenda mjini. John Collins, aliyekuwa meya wa Boston tangu 1960 hata 1968, alipoacha kazi alipewa nafasi MIT, na chumba chake kikawa jirani na cha Forrester. Meya alijua taabu za mji kwa kuziishi. Profesa alijua kuuliza akiba na mitiririko. Na kutokana na ujirani huo kikatoka kitabu cha mwaka wa 1969 kilichoiga maisha ya mji kwa miaka 250, tangu kustawi hata kuchakaa. Kitabu kiliwaudhi wengi, kwani kilidai kwamba kujenga nyumba za bei nafuu kwa wingi katika mji uliokwisha kudhoofu huweza kuwadhuru wale wale walionuiwa kusaidiwa, kwa kuwa nyumba huchukua ardhi ambayo ingetoa kazi, na huwavuta watu wengi kuliko riziki iliyopo. Waliompinga walikuwa na hoja zao, baadhi zake nzito; lakini Forrester alikuwa amekwisha kuweka mezani kila dhana yake, na ubishi ukaweza kuwa juu ya dhana badala ya kuwa juu ya nia.

Hayo yalidhihiri zaidi katika jambo lililomtia katika vinywa vya dunia. Mwezi wa Juni 1970 alihudhuria mkutano wa Klabu ya Roma mjini Bern, Uswisi, ambamo wajumbe walikuwa wakijadili mashaka ya wanadamu kwa jumla, na katika safari ya kurudi kwao akaanza kuchora jinsi watu, mtaji, chakula, mali ya asili na uchafuzi vinavyosukumana. Mchoro ule ulikuwa mfano wa dunia, kutoka mwaka wa 1900 hata 2100, nao ukachapishwa mwaka wa 1971. Wanafunzi na wenziwe, wakiongozwa na Dennis Meadows, na mkewe Donella akiwa miongoni mwao, wakauendeleza, na mwaka wa 1972 wakatoa kitabu juu ya mipaka ya ukuaji, kilichofasiriwa katika lugha nyingi na kusomwa na mamilioni. Kilisema kwamba ukuaji usiojiwekea mpaka, katika dunia yenye mpaka, huishia katika anguko. Lakini kilisema pia kwamba anguko si lazima, watu wakibadili mwenendo mapema.

Wakosoaji hawakukawia. Mwaka wa 1973 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walitoa kitabu kizima cha kupinga, wakaonesha kwamba mtu akibadili baadhi ya dhana, hasa juu ya maendeleo ya ufundi, matokeo yatabadilika. Tuzingatie jinsi walivyoweza kufanya hivyo: Forrester alikuwa amechapisha milinganyo yote ya mfano wake, pasipo kuficha hata mmoja, na mtu yeyote mwenye kompyuta aliweza kuuendesha, kuupindua na kuuhukumu. Hapa ndipo nionapo ukubwa wa mwanachuoni huyu. Watabiri ni wengi katika kila zama, lakini ni wachache watabirio huku wakikukabidhi mizani ya kuwapimia. Mtu aweza kukataa hesabu za Forrester toka mwanzo hata mwisho, na bado akawa na deni kwake la adabu ile ya kuandika waziwazi.

Taathira ya elimu hiyo haikukomea Marekani, wala sisi wa Afrika ya Mashariki hatuko mbali nayo. Tathmini ya uchumi wa kijani wa Kenya iliyotolewa mwaka wa 2014 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, ilitegemea mfano uitwao T21 uliotengenezwa kwa hali ya Kenya, na mfano huo ni mjukuu halali wa ukurasa ule wa penseli: akiba, mitiririko na mirejesho, safari hii ikiwa ni mvua, mashamba, umeme na watoto wa shule.

Forrester mwenyewe alistaafu mwaka wa 1989, lakini hakustaafu ualimu. Alianza kuwaendea watoto. Mwalimu wake wa zamani Gordon Brown, ambaye sasa alikuwa mzee katika mji wa Tucson, Arizona, alikuwa ameipeleka elimu ya mienendo ya mifumo katika shule ya kati ya huko, na Forrester aliiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote, akiamini kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili anayeweza kuchora birika na mrejesho wake ataingia utu uzima akiwa na silaha ambayo mawaziri wengi hawana. Alifariki tarehe 16 Novemba 2016, mjini Concord, akiwa na umri wa miaka 98.

Sasa turudi kwenye makasha. Mtu aweza kudhani kwamba aliyefanya kazi kwa kompyuta ameacha urithi wake ndani ya kompyuta, na kwamba karatasi ni mabaki tu. Ukweli ni kinyume. Whirlwind ilizimwa na kuvunjwa zamani. Lugha ya DYNAMO karibu haina tena watumiaji. Kadi zilizotobolewa na mikanda ya sumaku ya siku zile hazisomeki isipokuwa kwa mitambo iliyokwisha kuwa adimu. Programu hufa pamoja na mtambo wake, mithili ya kasuku afaye na maneno aliyofunzwa. Lakini ukurasa wenye safu za penseli husomeka leo kama ulivyosomeka siku ulipoandikwa, na juu yake mtu huona si jawabu tu, bali swali lilivyoulizwa, dhana iliyoingizwa kwa kusitasita, na kosa lililosahihishwa. Kwa kulijua hilo Maktaba ya Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, mjini Raleigh, nayo imejiwekea wajibu wa kukusanya hati za waasisi wa uigaji wa kompyuta, ili taalimu hiyo isibaki bila ya tarikhi.

Nasi je? Katika miji yetu wamo, na wamekuwamo, walimu waliofundisha hesabu, uhandisi, kilimo na iktisadi kwa miaka arobaini, walioandika mihadhara yao kwa mkono katika madaftari ya shule kwa kuwa vitabu havikuwapo, walioyapima mashamba na mito yetu na kutunga hesabu zao wenyewe. Hati zao zimo chini ya vitanda na juu ya makabati, katika nyumba ambazo watoto na wajukuu hawajui zina nini. Basi, msomaji, ikiwa katika nyumba yenu aliishi mwalimu wa namna hiyo, usilichome kasha lake. Lifungue, uandike juu ya kila daftari jina lake na mwaka, lifunge mbali na unyevu na mchwa, kisha nenda katika maktaba ya chuo kilicho karibu nawe, au katika hifadhi ya nyaraka za taifa, ukawaulize kama watalipokea. Wakikataa mara ya kwanza, rudi mara ya pili. Kwani hiyo ni amana, na amana hairudishwi kwa moto.